Kununua TV kubwa ya sebuleni bila kupigwa

"Kaka, nichukue inchi 55 au 65?" "QLED na OLED ipi nzuri?" "TV mpya kabisa, mbona mpira una ukungu?" Maswali haya yanarudi kila mwisho wa mwezi, na Ligi Kuu ikikaribia kuanza yanakuwa mengi zaidi. Nimeona niyaweke yote sehemu moja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: cha kupima nyumbani, cha kukagua dukani, namna ya kuifikisha na kuifunga, na mwishoni matatizo ambayo watu huyakimbizia kwa fundi bila sababu.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. TV kubwa inakuza kila kitu, ubovu wa picha ukiwemo. Chaneli yenye ubora hafifu iliyokuwa inavumilika kwenye inchi 32 itakukera kwenye inchi 65, hata kama TV umeinunua kwa mamilioni. Ndiyo maana tunaanza na sebule yako na kile unachotazama. Stika za dukani tutazifikia baadaye.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Tepu ya kupimia, ile ya fundi seremala au ya fundi cherehani, yoyote.
- Maboksi au magazeti na selotepu, kwa ajili ya kuchora umbo la TV ukutani.
- Picha ya mgongo wa king'amuzi chako na wa sabufa yako, ili ujue matundu yaliyopo.
- Flashi yenye picha chache za rangi moja (nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani, bluu na kijivu) pamoja na kipande cha video ya mpira.
- Simu yenye bando la kutosha kurusha hotspoti dukani.
- Bajeti yako, iliyogawanywa kama utakavyoona kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 1: Pima umbali wa macho

Kaa kwenye kochi unalokalia kila siku. Mwenzako avute tepu kutoka usoni kwako hadi pale kioo cha TV kitakapokuwa. Chukua sentimita ulizopata, gawa kwa 4. Jibu ndiyo inchi zako.

Sentimita 170 zinakupa inchi 43. Sentimita 220, inchi 55. Sentimita 260, inchi 65. Mita 3 kamili, inchi 75. Ukitazama filamu za 4K (picha kali zaidi ya HD, tutazieleza hatua ya 3) unaweza kusogea karibu zaidi ya hapo bila kuona vidoti. Lakini kama kinachotawala nyumbani ni chaneli za kawaida zisizo HD, gawa kwa 5 badala ya 4. Mtu wa mita 3 anayeangalia zaidi tamthilia na taarifa ya habari kwenye king'amuzi cha zamani atafurahia inchi 55 kuliko 75.

Kosa la kawaida: kuchagua ukubwa kwa macho ya dukani. Pale dari ni refu, ukuta mzima umejaa TV, nawe umesimama mbali. Inchi 65 inaonekana ya kawaida tu. Ukiifikisha kwenye sebule ya nyumba ya kupanga, watoto wanageuza shingo kufuata mpira.

Hatua ya 2: Pima ukuta au meza

Inchi za TV hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona ya kioo, na inchi moja ni sentimita 2.54. Hazikuambii upana, na upana ndio unaogombana na meza, swichi ya taa na mlango. Vipimo vya kioo, takribani, ni hivi:

- Inchi 43: upana sm 95, kimo sm 54
- Inchi 50: upana sm 111, kimo sm 62
- Inchi 55: upana sm 122, kimo sm 69
- Inchi 65: upana sm 144, kimo sm 81
- Inchi 75: upana sm 166, kimo sm 93

Ongeza sentimita moja au mbili za fremu. Kisha kata maboksi kwa vipimo hivyo, yabandike ukutani, uyaache hapo siku nzima. Mchana angalia dirisha linaakisi wapi. Kama dirisha linaelekeana na boksi, utakuwa unatazama pazia lako kila saa nane mchana.

Kama utaiweka mezani, pima umbali kati ya miguu ya TV. Zamani mguu ulikuwa mmoja katikati. Siku hizi TV nyingi kubwa zina miguu miwili pembeni kabisa, na meza ya mita moja haiwezi kubeba inchi 55 ya namna hiyo.

Hatua ya 3: Andika unachotazama kweli

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo inayoamua kama pesa yako itaonekana. Chukua karatasi, andika vyanzo vyote vya picha vilivyopo nyumbani. Azam TV, DStv, StarTimes, antena ya kawaida, YouTube, Netflix, flashi ya filamu za kutafsiriwa, PlayStation ya mtoto. Mbele ya kila kimoja andika saa ngapi kwa siku.

Kama king'amuzi kinachukua sehemu kubwa ya siku, elewa kwamba chaneli zake nyingi ni HD au chini ya hapo. HD kamili ni pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 1920 kwa 1080. Kioo cha 4K kina 3840 kwa 2160, yaani mara nne. TV italazimika kubuni pikseli zilizokosekana, na hapo ndipo TV ya bei nafuu na TV nzuri zinapoachana: zote mbili zimeandikwa 4K, lakini moja ina prosesa inayosafisha picha ya king'amuzi na nyingine inaivuta tu. Kwa mtu wa aina hii ushauri wangu hauna kigugumizi. Chukua inchi 55 ya kampuni yenye prosesa nzuri, achana na inchi 65 ya bei ileile ambayo jina lake unalisikia leo.

Kama unategemea intaneti, angalia bando kwanza. Netflix wenyewe wanashauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa HD kamili na 15 kwa 4K, na 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa. Bando la GB 10 linaweza kuisha kabla filamu ya saa moja na nusu haijafika mwisho. Mwenye waya wa faiba nyumbani hana shida. Mwenye kurusha hotspoti ya simu atatazama HD ya kawaida karibu siku zote, hivyo asilipie sifa za 4K ambazo hatazigusa.

Kama unatumia antena, hakikisha TV ina kipokezi cha DVB-T2, mfumo unaotumika Tanzania na Kenya. Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, TV yenye kipokezi cha analojia pekee haipati kitu kwa antena. Suala hili linawagusa hasa wanaoletewa TV na ndugu. Ya kutoka Dubai kwa kawaida haisumbui, umeme wao unakaribiana na wetu. Ya kutoka Marekani ina kipokezi cha mfumo wao, na baadhi zinakubali volti 120 tu. Mitumba ya Japani nayo ni ya volti 100 na mfumo mwingine kabisa wa matangazo. Soma kibandiko cha nyuma: ukikuta "100-240V", umeme hauna neno, ukikuta "120V" au "100V" peke yake, ukiichomeka moja kwa moja ukutani unaiunguza.

Na Luku? TV ya LED ya inchi 55 hutumia takribani wati 100 hadi 150, kutegemea mwanga uliouweka. Ya wati 120 ikiwaka saa 6 kwa siku inakula uniti 21 na kidogo kwa mwezi. Si nyingi, ila kama uko kwenye kundi la matumizi madogo lisilotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi, zihesabu pamoja na friji kabla hujashangaa bei ya umeme imebadilika.

Hatua ya 4: Gawa bajeti

Usiende dukani na pesa yote ikiwa ya TV. Tenga karibu moja ya tano kwa vitu hivi: gadi ya umeme, braketi ya ukutani, waya wa HDMI (ule unaobeba picha na sauti kwa pamoja), usafiri na fundi. Gadi ni ile inayokata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, na ukirudi inasubiri kidogo kabla ya kuruhusu. Iwe ya TV, maana ya friji husubiri muda mrefu bila sababu. Ekstensheni yenye taa nyekundu siyo gadi.

Hatua ya 5: Chagua aina ya kioo

Nadharia fupi, kisha twende.

LED ya kawaida ni kioo cha LCD chenye taa nyuma yake. QLED ni hiyohiyo LED, ila imeongezewa tabaka linalotoa rangi kali zaidi. Mini LED ni LED yenye taa ndogondogo nyingi zinazopunguzwa kwa mafungu, hivyo nyeusi inakuwa nyeusi zaidi. OLED haina taa za nyuma. Kila pikseli inajiwakia na kujizima yenyewe, na hakuna kinachoishinda kwa filamu za usiku gizani.

Lakini OLED ina udhaifu: picha isiyobadilika kwa muda mrefu, kama nembo ya chaneli au ule ukanda wa habari unaopita chini, inaweza kuacha alama ya kudumu. Nyumba ambayo TV inawashwa asubuhi na kuzimwa watu wakienda kulala, chaneli ileile, waiache. Mwenye kibanda umiza ndiyo kabisa, asiiguse. Naye akumbuke kwamba waranti nyingi za TV za nyumbani hazikubali matumizi ya biashara.

Kwa sebule ya kawaida yenye madirisha mawili na wageni wanaokaa pembeni, LED au QLED nzuri inatosha. Dukani simama ubavuni mwa TV. Kama rangi zinafifia na kuwa za kijivu, anayekaa kochi la pembeni ataona hivyohivyo kila siku.

Kuna na hizi zinazoitwa dabo glasi, zenye kioo kigumu cha ziada mbele. Zinapendwa kwenye nyumba zenye watoto na mpira, na kweli kinakinga. Gharama yake ni uzito zaidi na kuakisi mwanga kama kioo cha kabati. Ukiichukua, isielekeane na dirisha.

Hatua ya 6: Soma maandishi kwa jicho kavu

Kuanzia inchi 50 kwenda juu, 4K sasa ni ya kawaida, usiichukulie kama upendeleo. 8K achana nayo, hakuna utakachoitazamia.

HDR, yaani uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito kwenye picha moja, imeandikwa kwenye karibu kila boksi. TV yenye mwanga mdogo inaweza kuipokea HDR bila kuwa na uwezo wa kuionyesha, na picha ikawa na giza kuliko kawaida. Usiongeze pesa kwa ajili ya neno hilo peke yake.

Hezi ni mara ngapi picha inabadilishwa kwa sekunde. TV nyingi ni 50 au 60, na kwa mpira zinatosha. Boksi likiandika tarakimu kubwa huku limeweka neno la kibiashara mbele yake, ujue ni hesabu ya mauzo. Hezi 120 za kweli zina maana kwa mwenye PlayStation 5 au Xbox Series X, na huyo ahakikishe tundu la HDMI ni toleo la 2.1.

Matundu ya HDMI yawe 3 ukiweza: king'amuzi, gemu au deki, na moja lenye alama ya ARC kwa ajili ya spika.

Namba ya modeli ina habari. Kwa kawaida inchi zimo ndani yake, kwa mfano 55 au 65. Kwa TV za Samsung, zinazoanza na UA au QA ni za soko la Asia, Afrika na Mashariki ya Kati, zinazoanza na UE ni za Ulaya, na UN ni za Marekani Kaskazini. Ukikuta UN Kariakoo, rudi hatua ya 3 usome kuhusu volti.

Hatua ya 7: Jaribu usmati wake

Neno "smart" limebandikwa kwenye TV mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ina mfumo rasmi: Google TV, Tizen ya Samsung, webOS ya LG, VIDAA ya Hisense. Ya pili ina Android iliyowekwa kienyeji bila kibali, yenye programu za simu zilizobanwa ndani ya skrini ya TV. Hiyo ya pili YouTube inaweza kufunguka, lakini Netflix inagoma, au inafunguka kwa picha hafifu na kukulazimisha kutumia kipanya.

Kama bajeti inakubana, chukua TV yenye kioo kizuri bila usmati, au yenye usmati dhaifu, kisha nunua kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI chenye mfumo rasmi. Kioo kitaishi miaka mingi, mfumo utazeeka mapema. Kijiti unabadilisha, TV inabaki.

Hatua ya 8: Dukani, iwashwe mbele yako

Iwe Kariakoo, Darajani au Luthuli Avenue kule Nairobi, mambo ni yaleyale. Winga, yaani dalali wa mtaani, atakupokea njiani na bei tamu. Hana ubaya, ndiyo kazi yake, ila risiti na waranti vinatolewa na duka, hivyo malizana na mwenye duka.

Fuata mpangilio huu na usiharakishwe:

1. Angalia boksi. Selotepu ya kiwandani ikate mwenyewe. Boksi lililofunguliwa na kufungwa upya linahitaji maelezo.
2. Linganisha modeli na serial namba iliyoko kwenye boksi na iliyoko mgongoni mwa TV. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za TV, uone kama zinafanana. Zikitofautiana, hiyo ni TV nyingine ndani ya boksi la wenyewe.
3. Pima kioo kona hadi kona. Inchi 55 ni karibu sentimita 139. Ukipata 125, umeuziwa inchi 49.
4. Chomeka flashi, fungua picha nyeupe. Tafuta vidoti vyeusi na madoa ya kivuli. Picha nyeusi: tafuta vidoti vinavyowaka na mwanga unaovuja kwenye kona. Kijivu: tafuta mistari na mabaka. Kisha rangi tatu.
5. Cheza video ya mpira. Mpira ukipigwa juu, unaacha mkia?
6. Washa hotspoti, fungua YouTube na Netflix. Zote zifunguke kwa rimoti ya TV yenyewe.
7. Jaribu kila tundu la HDMI na USB. Tundu lililokufa huligundui mpaka siku unapolihitaji.
8. Hesabu miguu, skrubu na rimoti ndani ya boksi.

Onyo: picha inayochezwa dukani ni video iliyoandaliwa ili ikuvutie, na TV imewekwa mwanga wa juu kabisa. Omba wakuwekee chaneli ya kawaida ya king'amuzi. Duka linalokataa kukuwashia TV yenye thamani ya mshahara wako, toka nje, maduka ni mengi.

Hatua ya 9: Risiti na waranti

Tanzania dai risiti ya EFD yenye kiasi ulicholipa kweli. Iandikwe modeli, na kama haikuandikwa, duka liandike modeli na serial namba kwenye karatasi ya waranti na kupiga mhuri. Uliza swali moja la moja kwa moja: ikiharibika naileta hapa au naipeleka kituo cha huduma cha kampuni, na kiko wapi? "Waranti ya miaka miwili" isiyokuwa na anwani ni maneno. Piga picha karatasi zote, maana wino wa EFD hufutika.

Hatua ya 10: Kuifikisha nyumbani

Isimame wima, siku zote. Usiilaze, hata kwa kilomita moja, hata ndani ya boksi lake. Ikilala kioo kinabeba uzito wake katikati, na shimo moja la barabarani linatosha. Bodaboda hapana. Bajaji inaweza kubeba inchi 43 ikiwa na mtu wa kuishika. Kuanzia 55 tafuta kirikuu au Noah, na uishikilie mwenyewe nyuma.

Inayokwenda mkoani kwa basi itengenezewe fremu ya mbao, na ulipie isimame. Kondakta atakuambia kwenye buti inaenea vizuri tu. Inaenea, ikiwa imelala, chini ya magunia ya watu.

Boksi usilitupe mpaka waranti iishe.

Hatua ya 11: Kuifunga

Nyuma ya TV kuna matundu manne yenye umbali maalumu kwa milimita, kama 200 kwa 200 au 400 kwa 300. Braketi lazima iendane na vipimo hivyo na iweze kubeba uzito. Inchi 55 nyingi ziko kati ya kilo 11 na 18, na 75 inaweza kuvuka 30. Skrubu ziwe za unene na urefu sahihi. Skrubu ndefu kupita kiasi inatoboa kilichoko ndani.

Ukuta wa tofali za saruji hauna shida, ukitumia drili na fisha kubwa. Jipsamu haibebi TV peke yake. Fundi atafute mbao au chuma kilicho nyuma yake. Ukuta wenye unyevu, hasa nyumba za pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, acha nafasi nyuma ya TV hewa ipite. Chumvi ya baharini inakula bodi taratibu.

Usiipandishe karibu na dari. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho yako ukiwa umekaa, yaani takribani mita moja kutoka sakafuni, au juu kidogo. TV za juu ni za baa, watu wamesimama.

Ukiiweka mezani na una mtoto anayejifunza kusimama, ifunge kwa mkanda ukutani. TV kubwa za leo ni nyembamba na zinaanguka mbele kirahisi. Hili usilifanyie mzaha.

Hatua ya 12: Mipangilio ya siku ya kwanza

TV ikiuliza kama iko nyumbani au dukani, chagua nyumbani. Mpangilio wa duka unaunguza macho na Luku.

Ingia kwenye aina za picha. Ile yenye rangi kali kabisa iondoe, weka ya kawaida au ya sinema. Siku mbili za kwanza utaona kama imepauka kidogo. Macho yakizoea, utagundua nyasi za uwanja wa Mkapa zina kijani chake na nyuso za watu hazing'ai kama zimepakwa mafuta. Punguza ukali wa kingo mpaka karibu sifuri, kwa sababu kwenye chaneli hafifu ndio unaozidisha mchangamchanga. Ulainishaji wa mwendo weka kidogo kwa mpira, uzime kwa filamu, la sivyo kila filamu itaonekana kama tamthilia ya studio.

Sasa king'amuzi. Ng'oa ule waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Huo hauwezi kupitisha HD hata ukiubembeleza. Weka HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi chenyewe, ukipandishe hadi 1080 na umbo la 16:9. Ving'amuzi vingi vimekaa kwenye mpangilio wa chini miaka yote bila mwenye nyumba kujua. Nikiulizwa kwa nini TV mpya ina ukungu, hapa ndipo ninapoanzia, na mara nyingi hatusogei zaidi.

Matatizo ya kawaida

*Imeandika hakuna mawimbi.* TV iko kwenye tundu lisilo la king'amuzi. Bonyeza kitufe cha chanzo kwenye rimoti, pitia HDMI moja baada ya nyingine. Ikishindikana badilisha waya kabla ya kulaumu TV.

*Watu wamenenepa au vichwa vimekatwa.* Ni umbo la picha. Weka 16:9 kwenye TV na kwenye king'amuzi, vyote viwili.

*Sabufa haina pa kuchomeka.* TV nyingi mpya hazina tena matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Kama ina tundu la hedifoni, waya wa kawaida unatosha. Kama ina tundu la mwanga tu (lililoandikwa "optical"), nunua kigeuzi kidogo cha kwenda kwenye nyekundu na nyeupe, na kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM, la sivyo utasikia kimya.

*Sauti inachelewa, mdomo unatangulia.* Sabufa iko kwenye Bluetooth. Tumia waya.

*YouTube na Netflix zinakataa wakati Wi-Fi ipo.* Angalia tarehe na saa ya TV kwanza. Ikiwa na mwaka wa zamani, programu hazikubali kuunganika. Kisha futa programu usizotumia, maana nafasi ya ndani huwa ndogo, na uzime TV kwenye soketi kwa dakika moja.

*Rimoti haifanyi kazi.* Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe cha kuwasha. Ukiona mwanga unamemeta kwenye simu, rimoti ni nzima na tatizo liko kwenye TV au kuna kitu kimezuia mbele yake. Usipouona, badilisha betri kwanza.

*Inajizima yenyewe.* Kama ni baada ya saa kadhaa bila rimoti kuguswa, ni mpangilio wa kuokoa umeme, uzime. Kama ni jioni tu, mtaa mzima ukiwa umewasha taa, umeme unashuka, gadi itakuonyesha.

*Sauti ipo, kioo cheusi.* Zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa karibu kabisa. Ukiona picha hafifu ikitembea, taa za nyuma zimekufa, na fundi anaweza kuzibadilisha kwa gharama inayovumilika. Ili zisife mapema, usiiache TV kwenye mwanga wa asilimia 100.

*Radi.* Masika na vuli, wingu likianza kunguruma chomoa umeme na pia waya wa dishi au antena. Wengi huchomoa umeme wakauacha waya wa dishi, na radi hupitia huko.

*Madoa na alama za vidole.* Kitambaa laini kikavu, au kilicholoweshwa maji kidogo. Spiriti na sabuni ya vyombo zinaharibu tabaka la juu.

*Mistari ya wima au kioo kimepasuka.* Mistari ikiwa ndani ya waranti, usimruhusu fundi wa mtaani aifungue, ipeleke kama ilivyo. Kupasuka kwa kugongwa, waranti haihusiki. Uliza bei ya kioo kwa simu kabla ya kulipia uchunguzi, kwa sababu mara nyingi inakaribia bei ya TV mpya, na hapo afadhali umuuzie fundi kwa ajili ya bodi, spika na taa zake.